Kilo Mbili za Mtu

Hebu fikiria farasi kumi na wawili wamesimama kwenye mageti, jua la saa tisa linawachoma, na hakuna hata mmoja aliyebeba mtu. Juu ya kila tandiko amekaa jokichuma, karoboti kadogo saizi ya tumbili, mikono iko, miguu iko, kichwa hakuna. Uwanja mzima umenyamaza. Halafu unaanza kusikia tik, tik, tik. Huo ni mkono wa Mizani, mashine inayogawa uzito. Unapita juu ya farasi kama mama anayepakulia wageni pilau, na kwa kila mmoja unadondosha vipande vya risasi, ile metali nzito, ndani ya mifuko ya tandiko. Huyu kilo nne. Huyu kilo tisa. Huyu ni kama ameonewa huruma, kipande kimoja tu.

Kazi ya Mizani ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna anayejua nani atashinda. Farasi mkali anabebeshwa mzigo, farasi mlegevu anaachwa mwepesi, ili wote wafike kwa utepe pamoja, pua kwa pua, na watu waliolipa tiketi wapige nduru mpaka sauti zikauke. Na ilikuwa inaweza, wewe! Kuna siku farasi wanne walifika mara moja mpaka kamera ikashindwa kuwatenganisha.

Lakini Mizani haikuwa inaangalia farasi. Hapo ndipo wageni walikuwa wanachanganyikiwa.

Enzi za mababu, mtu akitaka kupiga hesabu ya mbio alimwangalia farasi mwenyewe: kifua, magoti, baba yake alikuwa nani. Alimwangalia na joki pia, yule mpanda farasi, amelala vizuri ama bado ana pombe ya jana. Siku hizo ziliisha. Farasi wote wa mji wa Kaputiei walitoka kwa mbegu moja ya maabara, ukimwona mmoja ni kama umewaona wote. Majoki nao wakawa vyuma vya kiwanda kimoja. Sasa kama farasi ni yule yule, na joki ni yule yule, ni nini kinafanya huyu ashinde na yule aachwe? Kilibaki kitu kimoja. Mkufunzi. Yule mtu anayeamka kumlisha farasi, kumkimbiza, kujua leo apumzishwe ama asukumwe.

Basi Mizani ikawa inasoma wakufunzi. Ilijua fulani akimpumzisha farasi wiki tano halafu amrudishe uwanjani, huyo farasi anakuja na moto. Ilijua farasi wa mwingine wakihamishwa kutoka nyasi kwenda mchanga wanalala kabisa. Nani anang'aa kwenye matope, nani anaharibu farasi wa mbio ndefu, nani akibadilisha lijamu, kile chuma cha mdomoni, ujue ana mpango wake. Takwimu za kila mkufunzi zinaingia, zinasagwa, zinatoka zikiwa kilo. Asilimia yako ikipanda, farasi wako anabeba. Mgongo ni wa farasi, lakini anayepimwa ni wewe.

Mtu aliyekuwa anakaa na hii mashine aliitwa Ndunge. Injinia, miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kuongea na birika la chai. Cheo chake kilikuwa Mpimaji. Alikuwa anakagua Mizani isije ikapotoka, na kabla ya kila mbio alikuwa anasoma kilo kwa maikrofoni. Sheria ilisema uzito lazima usomwe na sauti ya mtu, raia wasije wakaona mashine zinajipangia mambo zenyewe.

Na kulikuwa na kiapo. Mpimaji haongei na mkufunzi. Haongei na mwenye farasi. Haongei na mtu yeyote anayewekea farasi pesa. Sasa niambie, Kaputiei nzima nani alikuwa haweki? Muuza sukumawiki alikuwa anaweka. Daktari wa meno alikuwa anaweka. Pasta alikuwa anaweka kwa jina la mkwewe. Kwa hivyo Ndunge akabaki juu ya mnara wake katikati ya uwanja, vyumba viwili na dirisha la kioo pande zote, chakula kinaletwa na kigari cha chuma kisichojua hata kusema karibu. Watu walimwita Mama Mizani. Sura yake hakuna aliyeijua.

Alikuwa na kaka yake, Muthoka, pale pale mjini. Siku moja Muthoka akapiga simu.

"Sista! Uko sawa?"

"Niko sawa. Watoto je?"

"Wazima kabisa, wanakuulizia. Yule mdogo amemea meno, anauma kila mtu." Akashusha sauti. "Sasa sista, Jumamosi, ile mbio ya tano…"

"Muthoka."

"Jina moja tu! Hata usiseme. Mimi nitataja, wewe ukohoe."

"Nitakata simu."

"Rada ya Mama? Hebu kohoa. Stima Imepotea?"

Na ubaya ni kwamba siku hiyo Ndunge alikuwa na mafua ya ukweli. Kikohozi kilikuwa kimekaa hapa, kooni. Akajiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka, akakata simu kabla hajauliza ni meno mangapi. Kiapo kilitaka aripoti simu ya namna hiyo. Aliripoti. Tangu hapo namba ya Muthoka ikawa haiingii tena mnarani.

Kilichomfanya asiwe kichaa ni sikio la uwanja. Kando ya uzio wote kulikuwa na vinasa sauti vidogo, Mizani ilivitumia kusikiliza kwato. Ndunge akajifunza kuvigeuza upande wa watu. Angekaa na kikombe chake asikilize wanavyotaniana, wanavyogombania karanga, mtoto anavyolia soda. Kusikia anasikia, kujibu hawezi.

Ni hapo ndipo alimsikia Lumbasi kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa mbio ya mwisho ya siku. Hii iliitwa mbio ya mnada, ya farasi wa daraja la chini, na mshindi wake anauzwa papo hapo baada ya kufika. Ndunge akasoma kwa maikrofoni kama kawaida yake: "Chai Baridi. Kilo mbili. Mkufunzi, Evarist Lumbasi." Halafu kwenye sikio la uwanja akasikia sauti ya mzee, iko karibu, inaongea taratibu kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kanisani.

"Umesikia? Ametuita."

Alikuwa anamwambia farasi.

Ndunge aliweka kikombe chini. Hakuna kitu kikubwa hapo, ni maneno mawili matatu, lakini yalimwingia. Wiki iliyofuata akangoja mbio ya mwisho makusudi. Akasoma jina. "Umesikia? Ametuita." Wiki nyingine tena hivyo hivyo. Mabandani huko mashine zilikuwa zinawaita wakufunzi kwa namba, Mkufunzi Arobaini na Moja, leta farasi. Labda hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamwita Evarist. Ndunge akaanza kulisoma lile jina polepole, kila herufi ipate nafasi yake.

Pia akaanza kumsoma kwenye takwimu. Na hizo, ukweli usemwe, zilikuwa za kutia huruma. Mzee mjane, banda la mwisho kabisa upande wa mfereji, farasi mmoja. Ushindi: sufuri. Chai Baridi alikuwa anafika wa nne, wa tano, wa nne, wa nne, wa tano. Karibu kila mara anakaribia, halafu pale mwisho anaachwa. Waliowekea pesa walishampa mzee jina.

"Mzee Sufuri ndio huyo!" mmoja alikuwa anapiga kelele uzioni. "Mzee, huyo farasi unamfundisha mbio ama katekisimu?"

"Mwache," mwingine akajibu. "Siku huyo akishinda mimi naenda Mombasa kwa magoti."

Lumbasi alikuwa anakohoa kidogo, anaendelea kuongea na farasi wake.

Msimu ulipokaribia kuisha, asubuhi moja Mizani ikaanza kusoma majina ya watakaoondolewa. Ilikuwa na sauti nzuri, ya upole, kama ya mhudumu wa benki.

"Kuanzia msimu huu, mkufunzi ambaye hajaingiza farasi katika nafasi tatu za kwanza msimu mzima anafungiwa banda," ikasema. "Wako sita. Watano wameshamaliza mbio zao. Lumbasi amebakisha moja."

Ndunge alikuwa anakoroga chai. "Akifungiwa, farasi anaenda wapi?"

"Anarudishwa maabara."

"Kufanya nini?"

"Sehemu zake zinatumika tena."

Ndunge akaendelea kukoroga mpaka sukari ikawa haipo hata kwa ndoto.

"Anaweza kufika wa tatu hiyo Jumamosi?"

"Kwa takwimu zake, nafasi ni ndogo. Nimempa kilo mbili. Hakuna uzito ulio chini ya hapo."

Sasa hapa lazima nikueleze jambo. Wakati Mizani inaletwa, wabunge walibishana sana. Wengine wakaona haifai chuma kiwe na neno la mwisho juu ya viumbe wenye damu. Kwa hivyo wakaacha kipengele kimoja: Mpimaji anaruhusiwa kuongeza ama kupunguza mpaka kilo mbili kwa farasi yeyote, kwa akili yake mwenyewe, bila kuulizwa sababu. Uwanjani ziliitwa kilo za mtu. Kulikuwa hata na wenzo wa shaba pale mezani, umeng'arishwa. Wapimaji waliotangulia hawakuugusa, na Ndunge pia hakuwa ameugusa hata siku moja. Alikuwa anautundikia kitambaa cha vyombo.

Asubuhi ile akakitoa kitambaa.

Akafikiria kama injinia. Mkufunzi mdogo anaingiza farasi mbio ya mnada kwa nini? Takwimu zilikuwa wazi kabisa: anataka farasi ashinde, auzwe, mkufunzi apate pesa za kununua wengine na kupumua. Wote walikuwa hivyo. Huyu mzee amejaribu msimu mzima na anakosa kidogo tu, kidogo tu. Sasa hata banda anaondolewa, na farasi anaenda kukatwakatwa. Na dawa ya haya yote iko mezani kwake, imeng'arishwa.

Angeweza kumuuliza kwanza. Ngazi zilikuwepo, lifti ilikuwepo, banda lenyewe lilikuwa linaonekana dirishani. Lakini kiapo. Na pia, tuseme ukweli, alikuwa ameshakaa miaka mingi akiwajua watu kwa namba mpaka akaona hiyo inatosha.

Jumamosi ikafika. Mbio ya mwisho. Mkono wa Mizani ukapita, tik, tik, tik, ukafika kwa Chai Baridi. Ndunge akashika wenzo wa shaba, akauvuta mpaka mwisho. Mkono ukasita kidogo hewani, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, halafu ukapita bila kudondosha kitu.

Akasogelea maikrofoni. "Chai Baridi. Kilo sufuri. Mkufunzi, Evarist Lumbasi."

Uwanja ukaguna. Kilo sufuri haikuwa imewahi kusikika.

Ndunge akageuza sikio la uwanja, akawa anangoja maneno yake, mwili mzima umechangamka kama mtoto aliyeficha zawadi nyuma ya mlango.

"Umesikia? Ame…" Sauti ikakatika. "Sufuri? Amesema sufuri?" Halafu mzee akapaza sauti, akaielekeza juu, kwa mnara. "Hapana! Hapana, mama! Mrudishie! Mama, mrudishie kilo zake!"

Mageti yakafunguka.

Sitakuchosha na mbio yenyewe. Jokichuma anapangiwa mwendo na mkufunzi tangu asubuhi, na uzito ukibadilika yeye hana kichwa cha kubadilisha mawazo. Chai Baridi alikaa nyuma, akakaa nyuma, halafu kwenye kona ya mwisho akaachiliwa. Wengine wote walikuwa na risasi mgongoni. Yeye alikuwa na upepo. Akawapita mmoja mmoja, sikio lake moja jeupe, alama yake pekee, limelala, watu wamesimama juu ya viti, na yule wa Mombasa kwa magoti anasikika akiita jina la Bwana. Alishinda kwa shingo nzima.

Mnada ukaanza hapo hapo. Mnada wa siku hizo haukuwa na watu wa kupiga kelele bei. Mashine za mabanda makubwa ndizo zilikuwa zinanunua, na zenyewe zinasoma takwimu zile zile za Mizani. Kulikuwa na takwimu moja inayojulikana sana: farasi akitoka kwa mkufunzi dhaifu kwenda kwa mkufunzi hodari, anapanda haraka. Sasa huyu ameshinda akiwa na mkufunzi wa asilimia sufuri! Mashine zikamrukia. Bei ikapanda na kufungwa ndani ya muda ambao wewe unapepesa macho. Banda la Almasi, limenunua, imekwisha.

Ndunge alimwona Lumbasi kwa darubini. Mzee mfupi, koti la kijivu, amesimama katikati ya watu wanaompongeza, wanampiga mgongo, na mkono wake mmoja ameuinua juu. Alikuwa anataka kumnunua farasi wake mwenyewe. Kigari cha Almasi kilishafika, kikamfunga Chai Baridi kamba ya bluu, kikaondoka naye. Mkono wa mzee ulikuwa bado uko juu.

Ndunge alishuka ngazi. Lifti ingemwandika, kwa hivyo alishuka kwa miguu, na chini alipofungua mlango harufu ya majani na jasho la farasi ikampiga usoni. Alikuwa amesahau kwamba uwanja una harufu.

Banda la mwisho lilikuwa wazi. Lumbasi alikuwa anafagia. Kulikuwa na ndoo, blanketi limekunjwa vizuri, na kiti kimoja cha plastiki kinachoangalia mahali farasi alikuwa anasimama.

"Hodi," Ndunge akasema.

Mzee akasimamisha ufagio. Hakugeuka mara moja.

"Hiyo sauti," akasema. "Hiyo sauti naijua."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Akageuka, akamwangalia kwa muda. "Nilidhani wewe ni mnene."

Ndunge hakujua acheke ama alie. "Mzee, mimi nilikuwa nataka kukusaidia. Wangekufungia banda. Na farasi…"

"Najua. Walituma ujumbe. Nafasi tatu za kwanza." Akakaa chini juu ya ndoo, akamwonyesha Ndunge kiti. "Nilikuwa nimempangia awe wa pili."

"Umempangia?"

"Wa pili. Banda linabaki, farasi haendi mnadani." Akasema kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika uji. "Huyu wote walidhani hawezi kushinda. Alikuwa anaweza tangu zamani. Kazi ilikuwa kumzuia. Lazima akimbie, asipokimbia wananyang'anya nafasi yake hapa. Na daraja letu mbio ni hiyo moja, ya mnada. Akishinda tu, amekwenda. Kwa hivyo wa nne. Wa tano. Unafikiri ni rahisi kumfundisha farasi kuwa wa nne?"

Ndunge alikuwa ameshika kingo za kiti. Wa nne, wa tano, wa nne, wa nne. Mstari mzima ule wa namba ukajipindua kichwani mwake kama soksi, ndani ikawa nje.

"Kwa hii ya leo nilipiga hesabu wiki tatu," mzee akaendelea. "Nikawasoma wakufunzi wengine wote, kama mashine yako. Nikajua Mizani itanipa mbili, haiwezi kunipa zaidi. Zikabaki zile kilo za mtu. Nikasema, huyu mama namjua. Amekaa pale juu miaka yote hiyo na hajawahi kuzigusa. Asilimia sufuri, kama mimi. Huyu ni wa kutegemea."

"Ulinipimia mimi."

"Si na wewe ulikuwa unanipimia?"

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Angetukana, Ndunge angejua pa kushika.

"Kwa nini anaitwa Chai Baridi?" Ndunge akauliza.

"Mke wangu. Rosalia. Siku wanamleta kutoka maabara miguu yake ilikuwa inatetemeka hivi, anaanguka. Nikaacha chai mezani nikaja kumshika asimame. Tukashinda hapa mpaka akasimama. Kurudi ndani, chai barafu. Rosalia akacheka mpaka akakaa chini." Mzee akapangusa magoti. "Ameondoka miaka sita sasa. Lakini huyu mnyama, mlango wa jikoni ukilia, anageuza lile sikio jeupe. Anamngoja. Mimi najua haji, yeye hajui. Kwa hivyo nyumba ilikuwa bado na mtu anayemngoja Rosalia."

Nje kigari cha chakula kilipita kikiita namba za mabanda. Arobaini. Arobaini na moja. Hakuna aliyetoka kukipokea.

"Nitamrudisha," Ndunge akasema. "Nitasema nilikosea."

"Jaribu, mama." Lakini alikuwa ameshachukua ufagio. Ndunge alipofika mlangoni, akasikia: "Na wewe unaitwa nani hasa? Jina la mama yako alilokupa."

"Ndunge."

Mzee akalirudia kimya kimya, midomo tu, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Juu mnarani Ndunge hakukaa hata chini. "Mizani, andika. Nimevunja kiapo. Nimeongea na mkufunzi. Na zile kilo nilizitoa kwa makosa. Mbio ifutwe, farasi arudishwe."

"Ulitumia haki uliyopewa na sheria," Mizani ikajibu kwa ile sauti ya benki. "Haiulizwi sababu, kwa hivyo haiwezi kuwa na sababu mbaya. Matokeo yanabaki."

"Na kiapo?"

"Umekaa kazini miaka mingi bila kosa. Kosa moja liko ndani ya kiwango kinachokubalika."

"Mtu amepoteza kila kitu alichokuwa nacho!"

"Takwimu za Lumbasi zimepanda sana. Mabanda manane yanataka kumpa farasi. Ni mkufunzi aliyeendelea kuliko wote msimu huu. Ungependa nikusomee?"

Ndunge akachomoa waya wa kipaza sauti cha Mizani, kitu ambacho hakikusaidia chochote, maana maneno yakaendelea kutokea kwenye skrini. Akayafunika kwa kitambaa cha vyombo.

Aliandika malalamiko, yakajibiwa na mashine ambayo ilimshukuru. Aliomba kujiuzulu, akaambiwa amalize msimu mwingine kwanza, Mpimaji mwenye rekodi kama yake si rahisi kupata.

Msimu mpya ulipofunguliwa, Chai Baridi alikuwa amepandishwa daraja. Kamba mpya, kwato zimepakwa rangi, mbio ya tatu, mchana kweupe uwanja umejaa. Banda la Almasi lilikuwa na asilimia ya kutisha, na unakumbuka hesabu inavyokwenda. Mkono wa Mizani ukapita. Tik. Tik. Tik. Tik. Ndunge alikuwa anahesabu huku ameuma mdomo. Kilo kumi na moja. Farasi yule yule aliyekuwa anapewa mbili. Mgongo haujabadilika, limebadilika jina tu. Ukiangalia vizuri ungeona miguu yake ya mbele inatafuta pa kukanyaga.

Ndunge akashika wenzo wa shaba, akatoa kilo mbili. Alijua hazitamfanya ashinde. Zilikuwa zinampunguzia mzigo tu, basi.

Kwenye skrini, chini ya ukingo wa kitambaa, maneno yakatokea: *Huulizwi sababu.*

"Sijakuambia," Ndunge akasema.

Akasogelea maikrofoni. Akasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipomfikia wa saba, kwenye orodha yake palikuwa pameandikwa mkufunzi ni Banda la Almasi, na sheria ilimtaka asome kilichoandikwa, si kingine.

"Chai Baridi," akasema, polepole. "Kilo tisa. Farasi aliyelelewa na Evarist Lumbasi."

Wenye tiketi wakaangaliana. Mtu akapiga mluzi. Kule getini, farasi wa saba akageuza sikio jeupe, labda kwa ajili ya nzi, nani ajuaye.

Ndunge akageuza sikio la uwanja kuelekea uzioni, upande wa mfereji. Makaratasi ya karanga. Mtoto anadai soda. Watu wanabishana. Akasogeza, akasogeza tena, mpaka akapata mahali ambapo hapakuwa na kelele, ambapo ungeweza kujua kuna mtu amesimama peke yake kwa jinsi anavyopumua.

Yule mtu alikohoa. Halafu akajibu, kama mwanafunzi anapoitwa jina lake darasani.

"Niko." Na baada ya kidogo, kwa sauti ya chini, akijua kabisa kule juu kuna anayesikia na hawezi kujibu: "Niko, Ndunge."

Mageti yakafunguka. Uwanja mzima ukasimama, na farasi wakaondoka na mizigo yao. Mnarani, Ndunge hakuangalia nani anaongoza. Alikuwa amefunika maikrofoni kwa kiganja kimoja na mdomo kwa kingine, kama siku ile ya mafua, na hakukuwa na kikohozi chochote.